Moto Hufungua, Umeme Hutenganisha: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Elektrolisisi

Katika Kemia yote ya sekondari hakuna mada ninayoipenda kuliko elektrolisisi, na hakuna ambayo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huiingia na hofu kubwa zaidi. Hofu hiyo naielewa. Wengi hukutana nayo ikiwa tayari imejaa majedwali ya ioni za kukariri, masharti ya mkolezo, na orodha ya nani anatangulia na nani anasubiri. Mimi huanzia kwingine: kwenye chumvi iliyoyeyushwa kwa moto, isiyo na hata tone la maji. Humo kuna ioni za aina mbili tu, moja chanya na moja hasi, na kila moja ina mahali pamoja pa kwenda. Mwanafunzi akiishika picha hiyo barabara, mengine yote hupata pa kukaa.

Haya ni mafunzo yaliyonipata katika kazi hiyo. Nawaandikia walimu wenzangu, na pia mzazi au kaka mkubwa anayekaa na kijana mezani jioni, daftari likiwa wazi.

1. Balbu isiyowaka ni somo kamili

Natia bromidi ya risasi, unga mweupe, kwenye kikombe kidogo cha kauri. Nasimika vijiti viwili vya kaboni visivyogusana, naunga betri, balbu na swichi, kisha nafunga swichi. Balbu haiwaki. Mwalimu mwenye haraka atawasha moto mara moja ili waone kinachofuata. Mimi huwaacha waitazame ile balbu, nikawauliza sababu.

Jibu linalokuja kwanza karibu kila mara ni kwamba unga hauna chaji. Ni jibu zuri, kwa sababu linatupa kitu cha kuchunguza. Chaji zimo tangu mwanzo. Unga wote umejengwa kwa ioni za risasi, Pb²⁺, na ioni za bromidi, Br⁻, zilizopangika safu juu ya safu, kila moja imezungukwa na zile za chaji kinyume na kushikwa nazo kwa nguvu. Zinatetemeka mahali pake, basi. Ili umeme upite, chembe zenye chaji hazina budi kusafiri. Ndani ya waya wasafiri ni elektroni. Ndani ya chumvi kazi hiyo ni ya ioni, nazo hapa zimefungwa.

Michael Faraday alilifikia jambo hili mwaka 1833 kwa kupitia barafu. Aliona kwamba utando mwembamba wa barafu ulitosha kuukatiza mkondo uliokuwa ukipita majini. Akajiuliza kama vitu vingine navyo viko hivyo, akajaribu kloridi ya risasi na chumvi nyingine nyingi, akakuta kwamba zikiwa ngumu zinazuia umeme na zikiyeyuka zinaupitisha. Huyu ni mtu aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Sisi tunalisema jambo hili kwa sentensi moja, lakini kwake lilikuwa ugunduzi uliostahili kuandikiwa taarifa nzima. Ndiyo maana siipiti balbu isiyowaka kwa haraka.

2. Moto hauigawanyi chumvi

Sasa nawasha moto. Joto likifika karibu nyuzi 370 unga unakuwa kimiminika, na balbu inawaka. Muda si muda mvuke wa kahawia unaanza kupanda kutoka kwenye kijiti kilichoungwa upande chanya.

Waulize wanafunzi ni nini kilichoitenganisha risasi na bromini, na wengi watasema ni joto. Macho yao yameona moto ukiwashwa, kisha mvuke ukitoka. Wana haki ya kuunganisha mambo hayo mawili. Kuwakatalia kwa maneno hakusaidii. Kinachosaidia ni kurudia jaribio lile lile swichi ikiwa wazi. Chumvi inayeyuka, inatulia ikiwa kimiminika cha moto, na hakuna mvuke wa kahawia wala risasi. Funga swichi, vyote viwili vinaanza. Ondoa moto, kimiminika kinaganda na balbu inafifia hadi inazimika.

Hapo ndipo ninapoandika ubaoni sentensi ambayo wanafunzi wangu huondoka nayo: moto hufungua, umeme hutenganisha. Joto huzipa ioni nishati ya kuachana na safu zake na kuzunguka huru, lakini ioni huru bado ni ioni. Kimiminika kile bado ni bromidi ya risasi. Kuigeuza ioni kuwa atomi ni kazi ya elektroni, nazo husukumwa na umeme.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo vitabu vya kiada huliacha, nalo huweza kuliharibu somo hili lote. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, chini ya kiwango cha bromidi yake. Kwa hiyo hukusanyika ikiwa kimiminika chini ya kikombe, na vijiti vikiwa vimefika chini sana, risasi hiyo huviunganisha. Hapo balbu itaendelea kuwaka hata chumvi ikishaganda, na mwanafunzi makini atauliza kwa nini. Vijiti viinuliwe, visikaribie sakafu ya kikombe.

3. Elektroni zihesabiwe kama fedha za upatu

Ioni za bromidi, zikiwa hasi, huelekea kwenye elektrodi chanya, yaani anodi. Kila moja huiachia elektroni moja, kisha atomi mbili za bromini hushikana na kutoka zikiwa mvuke. Ioni za risasi, zikiwa chanya, huelekea kathodi, elektrodi hasi, na kila moja hupokea elektroni mbili.

Anodi: 2Br⁻ → Br₂ + 2e⁻

Kathodi: Pb²⁺ + 2e⁻ → Pb

Kosa la kawaida katika madaftari ni kuandika elektroni moja upande huu na mbili upande ule bila kushtuka. Nilipoanza kuutumia mfano wa upatu, makosa hayo yalipungua sana. Kila mtoto darasani amemwona mama au shangazi akicheza upatu: fedha anazopokea mwenye zamu ndizo zile zile walizochanga wenzake. Vivyo hivyo elektroni zinazopokelewa kathodi ndizo zilizoachwa anodi, zikasukumwa kupitia waya. Ioni moja ya risasi inahitaji elektroni mbili. Basi bromidi mbili lazima zichange. Betri yenyewe haichangi elektroni hata moja. Kazi yake ni kusukuma.

Mfano huu huondoa dhana nyingine pia, kwamba elektroni huogelea kutoka kijiti kimoja hadi kingine ndani ya kimiminika. Njia yao ni waya. Ndani ya kimiminika wanaosafiri ni ioni, za aina mbili, kwa mielekeo miwili inayopingana.

Kuhusu alama, huwaomba wanafunzi wasizitegemee sana. Watakapofika kwenye betri watakuta kwamba anodi ya betri inayotumika ni hasi, na waliokariri alama peke yake watababaika. Wakishike kitendo. Anodi ni pale elektroni zinapoachwa, kathodi ni pale zinapopokelewa, iwe ndani ya betri au ndani ya kikombe cha kauri.

4. Maji ni mshindani

Swali la mtihani linalowaangusha wengi huuliza kinachotokea kathodi umeme unapopitishwa katika maji ya chumvi. Wanafunzi huandika sodiamu. Jibu ni haidrojeni.

Chumvi ya mezani, iwe imetoka mashamba ya chumvi ya Bagamoyo au Uvinza, ikiwekwa majini ioni zake huwa huru bila moto wowote, na balbu huwaka. Lakini maji yenyewe yanaweza kupokea elektroni na kutoa haidrojeni kwa urahisi kuliko ioni ya sodiamu inavyoweza kuzipokea. Sodiamu inabaki majini ikiwa ioni, na kathodi inatoa mapovu. Ukitaka sodiamu yenyewe, maji yaondoke kabisa. Chumvi iyeyushwe ikiwa kavu kwenye nyuzi 801.

Humphry Davy alipambana na tatizo hili kule London mwaka 1807. Alianza kwa kupitisha umeme katika myeyusho wa potashi, akapata haidrojeni na oksijeni tu. Akaacha maji, akachukua potashi ngumu iliyolowa unyevu kidogo tu wa kuupa mkondo pa kuanzia, akaiweka juu ya platini na kuiunga kwenye betri kubwa. Potashi ikaanza kuyeyuka pale ilipoguswa na umeme, na upande hasi vikatokea vitone vinavyong'aa mfano wa zebaki, vingine vikilipuka na kuwaka hapo hapo. Ilikuwa potasiamu, tarehe 6 Oktoba. Binamu yake Edmund, aliyekuwa msaidizi wake, alisimulia kwamba Davy alicheza chumba kizima kwa furaha. Siku chache baadaye akapata sodiamu kwa njia hiyo hiyo, na mwaka uliofuata magnesi, kalsiamu, stronti na bari. Metali hizi zilikuwa chini ya miguu ya watu, ndani ya majivu, chokaa na chumvi, tangu dunia iwepo. Tanuru la kawaida la mkaa halikuzitoa, kwa sababu zinashikamana na wenzake kwa nguvu mno.

Huwa nawasimulia wanafunzi habari hii kwa urefu. Nadhani wanastahili kujua kwamba mada yao ilianza kwa mtu kucheza kwa furaha.

5. Bromini na risasi havina mzaha

Mvuke wa bromini huunguza macho na mapafu, na risasi ni sumu inayokaa mwilini na kumwathiri zaidi mtoto. Jaribio la bromidi ya risasi lifanywe na mwalimu mwenyewe, ndani ya kabati la maabara lenye feni inayovuta hewa kuipeleka nje, kwa kiasi kidogo, na likatishwe mara tu darasa litakapoona. Mikono ioshwe. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki wala shimoni nyuma ya maabara.

Shule isiyo na kabati hilo isilifanye. Nasema hivi bila kusita, japokuwa najua shinikizo la mitihani. Mtu huweza kutumia kloridi ya zinki, inayoyeyuka karibu nyuzi 290 na isiyo na risasi. Hata hiyo hutoa klorini, kwa hiyo ifanywe kwa chembe chache, sehemu yenye hewa ya kutosha. Kwetu pwani kloridi hiyo ina tabia moja ya kuangalia: huvuta unyevu wa hewani kwa haraka mno. Ikiacha kuwa kavu, balbu inaweza kuwaka kidogo kabla ya moto, na lile somo la balbu isiyowaka likapotea. Tena ukiichoma ikiwa mbichi hutoa moshi wa asidi. Chupa ifunguliwe dakika ya mwisho na kufungwa papo hapo.

6. Vijiti vipo ndani ya betri za redio zilizokwisha

Elektrodi za grafiti si lazima ziagizwe. Betri za kawaida za redio au tochi, zile za zinki na kaboni, zina kijiti kizuri katikati. Kinatolewa, kinasuguliwa na kupitishwa motoni ili nta iliyomo iungue. Zilizoandikwa alkalaini hazina kijiti hicho. Grafiti inafaa kwa sababu inapitisha umeme, inastahimili joto, na haishambuliwi upesi na klorini au bromini. Waya wa shaba kwenye anodi ungeliwa.

7. Hesabu huleta imani

Kuna wanafunzi ambao hawaamini jambo mpaka walione kwenye namba, na mimi nawaheshimu sana. Kwao nachukua mkondo wa ampia 2 unaopita kwa sekunde 1,930. Zidisha: kulombu 3,860. Moli moja ya elektroni hubeba kulombu 96,500, kwa hiyo zimepita moli 0.04. Kila atomi ya risasi inahitaji elektroni mbili, basi risasi ni moli 0.02, sawa na gramu 4.14. Bromini nayo ni moli 0.02 za Br₂, gramu 3.2. Jumlisha: gramu 7.34. Sasa waambie watafute uzito wa moli 0.02 za bromidi ya risasi. Ni gramu 7.34.

Nyuso hubadilika hapo. Katika kikombe halisi kinachopatikana ni pungufu, maana baadhi ya bromini hurudi kuungana na risasi kabla ya kutoka, lakini hesabu imeonyesha kwamba hakuna kilichoumbwa wala kupotea. Faraday alizitangaza kanuni hizi miaka ya 1833 na 1834, na bado ndizo zinazotumiwa na viwanda kukadiria mavuno yake.

8. Nusu ya kazi ya kiwanda ni kushusha joto

Mwanafunzi akishaelewa kikombe cha kauri, huuliza kwa nini nchi zetu hazitengenezi metali kwa njia hii kila mahali. Jibu liko kwenye gharama ya kufungua na gharama ya kutenganisha, na historia ya mada hii viwandani ni historia ya watu waliotafuta namna ya kuyeyusha kwa joto dogo zaidi.

Tanuru la Downs, lililopewa hataza Marekani mwaka 1924, linatengeneza sodiamu kutokana na chumvi ya kawaida. Humo huongezwa kloridi ya kalsiamu, na mchanganyiko ukayeyuka karibu nyuzi 600 badala ya 801. Sodiamu, ikiwa nyepesi, huelea na kukusanywa juu. Klorini hutoka upande wake. Wavu wa chuma huvitenga viwili hivyo, maana vikikutana vitarudi kuwa chumvi kwa kishindo.

Alumini ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi. Oksidi yake huyeyuka juu ya nyuzi 2,000, joto ambalo karibu hakuna chombo kingeweza kulihimili kwa bei ya maana. Ndiyo maana mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington, waliuvika kileleni kipande kidogo cha alumini kama kitu cha thamani. Miaka miwili baadaye Charles Martin Hall kule Ohio, akifanya kazi katika banda la nyumbani kwao pamoja na dada yake Julia aliyesoma Kemia, na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja bila kumjua mwenzake, waligundua kwamba oksidi hiyo huyeyukia ndani ya madini ya kriolaiti yaliyoyeyushwa, na umeme ukapitishwa kwenye nyuzi zipatazo 950 tu. Wote wawili walizaliwa 1863 na wote wawili walifariki 1914.

Katika tanuru lao, alumini iliyoyeyuka hushuka chini na kufyonzwa. Oksijeni huungana na anodi za kaboni na kutoka ikiwa kaboni dayoksaidi, kwa hiyo anodi huliwa na hubadilishwa kila mara. Na hapa ile sentensi yangu ya ubaoni inahitaji nyongeza, kwa sababu mkondo ni mkubwa kiasi kwamba ndio huo huo unaoleta joto la kuweka kila kitu kikiwa kimiminika. Umeme unafungua, na umeme unatenganisha.

Kila ioni ya alumini hudai elektroni tatu, na atomi yake ni nyepesi, ndiyo maana kilo moja inahitaji zaidi ya kulombu milioni 10. Kwa umeme wa kulipia, ni takriban kilowati-saa 14 kwa kilo, kiasi cha kuwasha balbu ya wati 10 kwa saa 1,400. Basi viwanda hufuata umeme. Ghana ilijenga cha Tema, kilichoanza 1967, juu ya umeme wa bwawa la Akosombo. Msumbiji ilipata Mozal, karibu na Maputo, mwaka 2000. Omani ilifungua cha Sohar mwaka 2008, kikitumia gesi asilia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoanzia kwenye boksiti, yaani mbale ya alumini, iliyochimbwa jirani. Kilichotangulia ni nishati.

Fundi anayesubu sufuria kwa vyuma chakavu mjini hahitaji hata kidogo ya hayo. Alumini yake ilishatenganishwa zamani, kwingine, na umeme wake ulishalipwa. Yeye anahitaji moto wa nyuzi 660 tu, na nishati yake ni takriban asilimia 5 ya ile iliyotumika mara ya kwanza. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini, ameelewa mada.

9. Si kila kloridi ya metali iliyoyeyuka itawasha balbu

Swali hili liliulizwa na binti mmoja aliyekaa kimya vipindi vingi. "Mwalimu, kama shida ya oksidi ya alumini ni joto, kwa nini wasiyeyushe kloridi yake?"

Kloridi ya alumini ikipashwa moto kwa kawaida hugeuka mvuke moja kwa moja kwenye nyuzi zipatazo 180. Ikibanwa kwa kanieneo itayeyuka kwenye joto lisilozidi hapo sana. Ni rahisi kuliko kriolaiti, na ingekuwa nafuu kubwa. Lakini ioni ya alumini ni ndogo na ina chaji tatu, nayo huvutia elektroni za kloridi upande wake kwa nguvu mno. Ikiyeyuka, kinachofunguliwa si ioni, bali ni molekuli za Al₂Cl₆ zisizo na chaji. Kimiminika hicho karibu hakipitishi umeme kabisa. Moto umefanya kazi yake yote, na umeme haukupata cha kutenganisha.

Sasa swali lake ndilo ninalolitumia kufungia mada. Mwanafunzi akiweza kunieleza kwa nini kloridi ya sodiamu iliyoyeyuka inawasha balbu na ya alumini haiwashi, akifuata chembe zenyewe na bila kunitajia kanuni ya kukariri, ndipo ninapompa mkono aanze elektrolisisi ya miyeyusho ya majini.